Maabara Iliyo Jikoni kwa Mama

Wahenga hawakupiga ramli waliponena kwamba kuuliza si ujinga. La kushangaza ni kuwa methali hii tunaiandika katika insha zetu na kutiwa alama nzuri nzuri, kisha tukifika nyumbani jioni, mdogo wetu akituuliza kwa nini mandazi hufura, jibu letu ni lile lile: "Hebu nyamaza, usinisumbue!" Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya huyo anayenyamazishwa. Yeye bado hajui kuyasoma, kwa hivyo nayapitisha kwako wewe uliye mkubwa wake.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa mabweni hawana. Kengele ya jioni ikilia tunashika njia kurudi nyumbani. Huko mama bado yuko sokoni au kazini, baba hajafika, na sisi ndio tunaoachiwa jiko na watoto. Kupika na kulea kwa pamoja wengi wetu tunaviona kuwa mzigo mara mbili. Mimi naona vikiunganishwa vinakuwa somo, tena somo lisilolipiwa karo. Aidha, wadogo zetu wanasoma mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao huja nyumbani na kazi za kufanya kwa mikono. Nani wa kuwasaidia kama si sisi?

Katika makala haya nitaeleza majaribio manne ya sayansi yanayoweza kufanyika jikoni na watoto wa miaka minne hadi minane. Hayahitaji maabara wala kemikali za kununuliwa mjini. Yanahitaji yai, chumvi, limau, manjano, sabuni ya mche, hamira, mshumaa na glasi. Lakini kabla ya kutia maji kwenye glasi, kuna kisa ambacho kila ndugu mkubwa anapaswa kukijua.

KISA CHA KIJANA WA KIDATO CHA TATU

Mwaka 1963, huko Tanganyika, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi wa hapo walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aisikrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayatia kwenye friji yagande. Siku moja Mpemba alipokuwa akichemsha maziwa yake, mwenzake alikimbia kuwahi nafasi, akatia ya kwake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona akingoja yapoe atakosa mahali. Basi akayatia yakiwa moto vivyo hivyo.

Baada ya muda wa saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia yakiwa moto, yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito. Kijana alipomwendea mwalimu wake kumwuliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii mwalimu akamwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wanafunzi wenzake wakaligeuza neno hilo kuwa utani. Kila alipokosea jambo darasani walimcheka nalo.

Hata hivyo, Mpemba hakukata tamaa. Siku moja mhadhiri wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, alitembelea shule hiyo. Mpemba alisimama mbele ya wote akauliza swali lake. Wenzake waliangua kicheko. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na alipofika kwake akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo likaitwa Athari ya Mpemba. Hadi leo wanasayansi wanabishana: wengine wanasema hutokea katika hali fulani, wengine wanasema vipimo havijathibitisha. Ubishi huo umedumu zaidi ya nusu karne, na chanzo chake ni sufuria ya maziwa na kijana aliyeuliza.

Kisa hiki kinatufunza nini? Kinatufunza kwamba swali likitoka jikoni linaweza kufika chuo kikuu, mradi apatikane mtu mmoja wa kusema, "Tujaribu tuone." Mtu huyo nyumbani kwenu ni wewe.

KANUNI ZA MAABARA YETU

Maabara ya shule ina kanuni zilizobandikwa ukutani. Ya jikoni nayo ni lazima iwe nazo, kwa sababu mtoto hana hofu ya kitu asichokijua.

Kanuni ya kwanza, moto ni wa mkubwa. Kuwasha kiberiti, kushika sufuria na kumimina maji yaliyochemka ni kazi yako. Mtoto atazame akiwa mbali kidogo.

Ya pili, hatuonji tunachofanyia jaribio. Tena tusiache kamwe kimiminiko chochote ndani ya chupa ya soda baada ya jaribio. Nyumba nyingi huweka mafuta taa katika chupa kama hizo, na mtoto akizoea kuwa kila chupa ya soda ni ya kunywa, siku moja ataubugia msiba.

Ya tatu, dawa za kung'arishia nguo na za kusafishia choo haziingii katika maabara hii. Zikichanganywa huweza kutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Hizo ziachwe zilipo, juu, mbali na mikono midogo.

Ya nne, chakula hakitupwi. Kanuni hii ndiyo itakayokupatanisha na mama. Ukimwambia unataka yai la kuchezea, atakufukuza, tena kwa haki, maana unga na mayai vina bei. Ukimwambia yai lile lile litaliwa baadaye, atakubali. Majaribio yote humu nimeyapanga hivyo.

Kanuni ya tano ndiyo roho ya sayansi yenyewe: kisia kwanza, jaribu, tazama, kisha eleza. Mtoto aseme anachodhani kitatokea kabla hujafanya lolote. Achore alichokisia katika daftari kuukuu, na baada ya jaribio achore alichokiona. Usipomwacha akisie, unakuwa umemwonyesha mazingaombwe, naye atakupigia makofi asielewe kitu.

JARIBIO LA KWANZA: YAI LIELEALO

Osha yai bichi. Chukua glasi kubwa, au mtungi wa plastiki unaoonekana ndani, ujaze maji robo lita. Mwulize mtoto: yai litaelea au litazama? Litie taratibu kwa kijiko. Yai zuri litazama hadi chini.

Sasa litoe, utie chumvi vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, ukoroge mpaka iyeyuke. Rudisha yai. Kama halijaelea, ongeza kijiko cha tatu. Litapanda juu lenyewe kama boya. Utasikia kelele za mtoto mpaka kwa jirani!

Maelezo ni haya. Kitu huelea kikiwa chepesi kuliko maji yenye ukubwa ule ule. Yai ni zito kidogo kuliko maji matupu, kwa hiyo huzama. Ukitia chumvi, maji yale yanakuwa mazito zaidi kwa kipimo kile kile, na sasa yai ndilo jepesi. Kwa lugha ya darasani tunasema densiti ya maji imezidi densiti ya yai. Kwa mtoto wa miaka mitano sema tu: "Maji yamekula chumvi, yamepata nguvu za kulibeba." Hiyo ndiyo sababu mtu akiogelea baharini Mombasa au Malindi hubebwa kwa urahisi kuliko akiogelea mtoni. Chumvi yenyewe tunayotumia, nyingine hutengenezwa pwani hiyo hiyo, sehemu za Gongoni na Ngomeni katika kaunti ya Kilifi, kwa kuyaacha maji ya bahari yakauke juani.

Kuna faida nyingine ya nyumbani. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Yai likikaa siku nyingi, unyevu hutoka kupitia vitundu hivyo na nafasi ya hewa ndani huongezeka. Kwa hiyo katika maji matupu, yasiyo na chumvi, yai jipya hulala ubavu chini ya chombo, la siku nyingi husimama wima, na la zamani sana huelea. Likielea, livunje kwenye kibakuli cha pembeni ulinuse kabla ya kulitia katika kikaango. Mtoto akishajua hili, utashangaa siku atakapokagua mayai kabla ya mama kuyapika, kama afisa wa afya.

Yai letu la jaribio tulichemshe katika maji yale yale ya chumvi, tulimenye, tuligawane. Kanuni ya nne imetimia.

JARIBIO LA PILI: MANJANO YANAYOGEUKA RANGI

Je, umewahi kuona doa la mchuzi wenye manjano kwenye shati jeupe likipakwa sabuni ya mche? Kwanza doa ni la njano. Sabuni ikiligusa tu, linageuka jekundu kama damu ya mzee. Wengine hudhani shati limeharibika kabisa. La hasha! Shati limefanya jaribio la kemia bila kuombwa.

Chukua nusu kijiko cha chai cha manjano, ukoroge katika vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu. Kata vipande vya karatasi nyeupe isiyo na mistari, mtoto avipake maji hayo kwa kidole, kisha mvianike vikauke. (Mvue sare ya shule kwanza, maana manjano hayasahau.) Sasa panga vibakuli vitano vidogo au vifuniko vya chupa. Katika cha kwanza tia maji matupu, cha pili maji ya limau, cha tatu maji ya sabuni, cha nne maji yaliyokorogewa magadi kidogo, na cha tano maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya kuni. Mtoto achovye kijiti katika kila kibakuli na kudondoshea juu ya karatasi yake.

Maji matupu na limau havitabadili kitu. Sabuni, magadi na majivu vitaigeuza njano kuwa nyekundu ya udongo. Kisha mwambie adondoshee limau juu ya sehemu iliyogeuka nyekundu. Njano itarudi!

Tulisoma katika kidato cha kwanza kuhusu asidi, besi na viashiria. Limau ni asidi. Sabuni ya mche, magadi na majivu ni besi. Ndani ya manjano kuna rangi iitwayo kurkumini, nayo ni kiashiria: hubaki ya njano ikiwa katika asidi au katika maji matupu, na huwa nyekundu ikikutana na besi. Karatasi za litimasi za shuleni huhesabiwa moja moja tusije tukazimaliza. Hizi za manjano utatengeneza hamsini kwa nusu kijiko.

Mwambie pia mtoto magadi yanatoka wapi. Yale tunayotia katika maharagwe au githeri ili viive upesi, mengi hutoka Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado. Na ukitaka kumfurahisha zaidi, mimina maji ya limau juu ya magadi makavu. Yatatoa povu na kuchemka bila moto. Hewa inayotoka humo ni kaboni dayoksaidi, nayo inatupeleka katika jaribio linalofuata.

JARIBIO LA TATU: HAMIRA INAYOPUMUA

Hili ndilo jibu la swali la mandazi. Tafuta vikombe vitatu vinavyofanana. Katika kila kimoja tia kijiko kimoja cha chai cha hamira na viwili vya sukari. Cha kwanza umimine maji baridi nusu kikombe. Cha pili maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Cha tatu maji yaliyochemka, na hayo umimine wewe mwenyewe. Koroga vyote, uviweke pamoja, mngoje kama dakika 15 huku ukichambua sukuma wiki.

Mtoto akisie: kikombe kipi kitafura? Wengi husema kile cha maji moto sana, kwa kudhani kuwa moto mwingi ni nguvu nyingi. Kumbe kile cha uvuguvugu ndicho kitakachopandisha povu. Cha baridi kitajikokota. Cha maji yaliyochemka kitalala kimya.

Sababu ni kwamba hamira ni kiumbe hai. Ni jamii ya kuvu, ndogo mno hata haionekani bila darubini, na zile chembe za kahawia tunazonunua dukani ni mamilioni yake yaliyokaushwa yakalala usingizi. Ikipata maji, joto la wastani na sukari, huamka na kula. Inapokula sukari hutoa kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ikinaswa ndani ya unga uliokandwa, unga hufura. Ukiitilia maji yanayochemka umeiua, na hata ukiomba dua unga hautaumuka. Ndiyo maana mama hutia kidole katika maji kabla ya kuikoroga hamira. Kidole chake ndicho kipimajoto.

Tazama namna jaribio hili lilivyo la haki. Vikombe vinafanana, hamira ni sawa, sukari ni sawa, maji ni kiasi kile kile. Tulichobadilisha ni joto peke yake. Kama tungebadilisha na sukari pia, tusingejua ni kipi kilicholeta tofauti. Mtoto wa darasa la pili anaweza kulielewa hili vizuri, nasi wa kidato cha tatu huulizwa jambo hilo hilo katika karatasi za mtihani tukaduwaa.

Ukiwa na chupa na puto, unaweza kutia mchanganyiko wa uvuguvugu ndani ya chupa na kuvisha puto mdomoni mwake. Baada ya saa moja hivi puto litaanza kusimama. Usiifunge chupa hiyo kwa kifuniko, kwani hewa ikizidi yaweza kuipasua. Kikombe kilichofura kitie katika unga wa mandazi, na jioni hiyo chai itakuwa na mwenzake.

JARIBIO LA NNE: MSHUMAA NDANI YA GLASI

Jaribio hili nimeliweka mwisho kwa makusudi. Yale matatu yanafurahisha. Hili laweza kuokoa maisha.

Simamisha mshumaa mfupi katikati ya sahani kwa kuugandisha kwa nta yake. Mimina maji yenye majani ya chai kidogo ili yawe na rangi, yafike kina cha kama sentimita moja. Washa mshumaa wewe mwenyewe. Mtoto akisie kitakachotokea, kisha uufunike kwa glasi, mdomo chini. Hesabuni pamoja kwa sauti: moja, mbili, tatu... Moto utafifia na kuzimika. Halafu maji ya sahanini yatapanda ndani ya glasi, kana kwamba kuna mtu anayeyafyonza.

Rudieni kwa chombo kikubwa zaidi cha kioo, mkihesabu tena. Mshumaa utachelewa kuzimika. Mwulize mtoto: kwa nini? Atasema mwenyewe bila kufundishwa kuwa humo mna hewa nyingi. Hapo utakuwa umemwona mwanasayansi akizaliwa.

Kuhusu maji kupanda, tuwe waangalifu. Wengi wetu husema kwamba moto umekula oksijeni na maji yameingia kujaza pengo. Lakini hebu tazama vizuri. Kama ingekuwa hivyo tu, maji yangepanda pole pole tangu mwanzo, mshumaa ukiendelea kuwaka. Badala yake hupanda zaidi pale moto unapokwisha kuzimika. Sababu kubwa ni joto. Hewa iliyo ndani ilipashwa moto ikapanuka. Moto ulipozimika, hewa ikapoa na kusinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Tena oksijeni yote haikwisha. Katika hewa tunayovuta, karibu sehemu 21 kati ya 100 ni oksijeni, na mshumaa huzimika oksijeni ingalipo, ila imepungua mno kuuwezesha kuwaka.

Sasa toka kwenye glasi uingie katika nyumba. Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja au viwili. Kati ya Juni na Agosti baridi hutafuna mifupa, hasa kwetu sisi wa sehemu za juu, na kila msimu huo husikika habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani, milango na madirisha yamefungwa, wasiamke tena. Majirani hunong'ona kuhusu uchawi na husuda. Jamani, si uchawi. Chumba kilichofungwa ni ile glasi iliyofunikwa.

Ila kuna tofauti moja ambayo ni lazima tuijue. Makaa yanapowaka kwa hewa haba hutoa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikereketi kooni kama moshi. Mtu akiivuta, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Tena hewa hiyo huweza kuua wakati oksijeni ya chumbani bado ingetosha mshumaa kuwaka, kwa hivyo mtu asijidanganye kwamba atawasha mshumaa awe salama. Mshumaa wa jaribio ukizimika tunauona. Aliyelala hana wa kumwona.

Basi mwambie mdogo wako, tena umwambie kwa sauti ya upole asiogope: jiko likiwaka ndani, dirisha na mlango viwe wazi. Kabla ya kulala jiko litolewe nje, hata kama makaa yamefunikwa na majivu yakaonekana yamekufa. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma na jiko liko ndani, wote watoke nje mara moja kwenye hewa safi, waite mkubwa, na mgonjwa apelekwe hospitali. Mtoto aliyeuona mshumaa ukizimika ndani ya glasi haitaji kukariri onyo hilo. Atawauliza wakubwa mwenyewe, "Mbona dirisha limefungwa?" Na hapo, tafadhali, asiambiwe anyamaze.

UKIULIZWA USILOLIJUA

Najua mtasema, "Je, akiniuliza nisichokijua?" Ataniuliza, atakuuliza, atatuuliza sote. Mtoto wa miaka sita anaweza kumtoa jasho profesa. Wengi tunamfokea ili kuficha kutojua kwetu. Mimi napendekeza maneno matatu tu: "Sijui, tutafute pamoja." Kisha liandike swali katika lile daftari, uje nalo shuleni, umwulize mwalimu wa fizikia, kemia au bayolojia. Walimu wetu wapendwa wanaosoma makala haya, tukija na maswali ya ajabu ajabu, mjue si yetu. Ni ya watafiti wadogo tuliowaacha nyumbani. Mkumbukeni Mpemba.

Jambo la mwisho linakihusu chama chetu. Sayansi tunafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwanafunzi hukariri neno bila kuona kitu chenyewe. Jikoni tunaweza kuanza na kitu, kisha tukakipa jina la Kiswahili. Kuelea na kuzama. Kuyeyuka na kuganda. Kuchacha, kuumuka, kusinyaa, kupanuka. Maneno haya yalikuwapo katika vinywa vya bibi zetu kabla ya shule kujengwa. Mtoto akiyajua kwa mikono yake, atakapokutana na yale ya Kiingereza vitabuni atakuwa anawatambua marafiki wa zamani waliobadilisha nguo. Wanaodhani Kiswahili ni lugha ya mashairi na insha peke yake, waje jikoni.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, likizo hii isipite bure. Usianze na yote manne kwa siku moja, maana haba na haba hujaza kibaba. Anza na yai. Muombe mama ruhusa, osha glasi, mwite mdogo wako akae karibu, na kabla ya kufanya lolote umwulize, "Wewe unadhani itakuwaje?" Halafu umsikilize.

Mwanachama, Kidato cha Tatu